Kifyatulio Kibovu Hakitengenezwi Uchochoroni

Alfajiri moja, katika mji mdogo wa biashara ulio karibu na mpaka wetu, risasi ilitoboa ukuta wa mabati wa ghala la nafaka, ikavuka uchochoro, ikaingia katika nyumba ya jirani na kukwama ndani ya gunia la maharage. Hatua mbili nyuma ya gunia hilo walikuwa wamelala watoto watatu. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyejeruhiwa. Hata hivyo, kabla jua halijapanda, umati ulikuwa umelizingira lango la ghala ukitaka ukabidhiwe mlinzi. Wengine walisema amelewa, wengine walisema alikuwa na ugomvi na mwenye nyumba.

Nilikuwa miongoni mwa maofisa waliofika mahali pale. Mlinzi yule, kijana wa makamo ya miaka ishirini na kitu, alikuwa akitetemeka na kurudia maneno yale yale: "Afande, sikugusa triga. Naapa sikugusa." Watu waliokuwa nje waliposikia hayo waliguna kwa hasira. Bunduki itajifyatuaje yenyewe?

Fundi wa silaha wa polisi alipoifungua bunduki ile mezani, ilibainika kwamba kijana alikuwa akisema kweli. Lakini ilibainika pia kwamba kuna jambo alilokuwa amelificha kwa muda wa wiki mbili. Makala haya yanaeleza mambo hayo mawili, kwa sababu bunduki za aina ile zinalinda maduka, maghala na benki katika miji mingi ya mipakani, na kila mwananchi anayepita mbele yake ana haki ya kujua nini hutokea zinapoharibika.

BUNDUKI YENYEWE

Silaha iliyohusika ni ile ambayo askari na walinzi wengi huiita SAR, yaani bunduki inayojipakia yenyewe lakini hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa. Jina lake la asili ni SKS. Ilibuniwa na Mrusi Sergei Simonov na kuanza kutumiwa rasmi na jeshi la Umoja wa Kisovieti mwaka 1949. Baadaye China iliitengeneza kwa wingi kwa jina la Type 56, na kutoka huko zilisambaa hadi Afrika. Magazini yake imeshikamana na bunduki na hubeba risasi 10. Risasi hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 735 kwa sekunde, na inaweza kuua hata ikiwa imesafiri zaidi ya kilomita moja. Kwa risasi kama hiyo, ukuta wa mabati ni sawa na karatasi.

Kampuni iliyomwajiri mlinzi yule ilikuwa imenunua bunduki hizo karibuni, na kwa hiyo kila mtu aliziita mpya. Neno hilo ndilo chanzo cha makosa mengi. Bunduki iliyonunuliwa mwezi uliopita yaweza kuwa imetengenezwa kabla mnunuzi wake hajazaliwa. Ni mpya kwa daftari la kampuni, lakini ni kongwe kwa umri, na huenda imekaa ghalani miaka thelathini au arobaini ikiwa imepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu.

KIFYATULIO HUFANYAJE KAZI

Wengi hudhani kwamba kifyatulio ndicho kinachotoa risasi. Sivyo. Kifyatulio ni mwanzo tu wa msururu wa vyuma vinavyopokezana kazi. Ndani ya bunduki kuna nyundo ndogo inayosukumwa na springi yenye nguvu. Nyundo hiyo huzuiwa na kikulabu cha chuma. Kidole kinapovuta kifyatulio, kikulabu huachia, nyundo huruka mbele na kuigonga pini nyembamba iliyo ndani ya bolti. Pini huchoma fataki iliyo kwenye kitako cha risasi, fataki huwasha baruti, na risasi huondoka.

Moshi wenye nguvu wa baruti husukuma bolti nyuma. Ganda tupu hutupwa nje, nyundo hulazwa tena, na bolti inaporudi mbele huchukua risasi nyingine na kuiingiza katika chemba. Kipande kingine kidogo huhakikisha kwamba nyundo haianguki tena mpaka mshikaji aachie kifyatulio na kukivuta upya. Hiyo ndiyo maana ya kutoa risasi moja moja.

Katika bunduki ya SKS kuna jambo jingine la kuzingatia. Matoleo ya mwanzo yaliwekewa springi ya kuirudisha pini nyuma. Matoleo mengi yaliyofuata hayana springi hiyo. Pini hucheza huru ndani ya mfereji wake. Ikiwa safi, haina tabu. Ikiwa imeshikwa na uchafu na kukwama ikiwa imetokeza mbele, basi bolti inapofunga kwa kishindo juu ya risasi, ncha ya pini hugonga fataki bila nyundo kuanguka na bila kidole kugusa chochote.

Ndivyo ilivyokuwa alfajiri ile. Fundi wetu aliitoa bolti, akaitikisa karibu na sikio langu, akaniuliza, "Unasikia kitu, afande?" Sikusikia kitu. Pini iliyo nzima hugongagonga ndani ya mfereji wake kama kokoto ndani ya kibuyu. Ile ilikuwa kimya. Grisi ya ghalani ilikuwa imeganda na kuwa ngumu kama nta, nayo ilikuwa imeing'ang'ania pini.

Mlinzi alisema pia kwamba kizuizi cha usalama kilikuwa kimefungwa. Hilo nalo lilikuwa kweli. Lakini kizuizi cha bunduki hii huzuia kifyatulio peke yake. Hakiishiki nyundo, wala hakiigusi pini. Mlinzi aliyetegemea kizuizi alikuwa amefunga mlango wa mbele, huku wa nyuma ukiwa wazi.

DALILI AMBAZO HAZIPASWI KUPUUZWA

Kijana yule alipotulia alikiri kwamba siku za nyuma kifyatulio kilikuwa kizito kupita kiasi. Aidha, siku ya majaribio ya kulenga shabaha, mara mbili nyundo ilianguka ikalia "ta!" bila risasi kutoka. Yeye aliona ni kasoro ndogo ya bunduki inayogoma. Hakujua kwamba grisi iliyoizuia pini kutoa risasi juma lile ndiyo itakayoizuia isirudi nyuma juma lingine. Bunduki inayogoma leo yaweza kuwa ndiyo itakayofyatuka kesho bila kuombwa.

Kwa walinzi, wasimamizi wao, na wote wanaoruhusiwa kisheria kushika silaha ya namna hii, zipo dalili nne za kuzitambua mapema.

Ya kwanza ni kifyatulio kilicho kizito au kinachokwaruza. Mara nyingi husababishwa na grisi iliyoganda, kutu, au vyuma visivyokaa sawasawa katika mti wa bunduki baada ya kufunguliwa na kufungwa vibaya.

Ya pili ni kifyatulio kilichokufa, yaani kinalegea na hakirudi mahali pake. Huenda springi imechoka au imevunjika, au kipande fulani kimetoka mahali pake.

Ya tatu ni nyundo kuanguka bila risasi kutoka. Yawezekana pini imekwama, springi ya nyundo imedhoofika, au risasi yenyewe ni mbovu. Hapa pana hatari ya pekee: fataki iliyochomwa kidogo inaweza kuchelewa kuwasha baruti, na risasi ikatoka baada ya sekunde kadhaa.

Ya nne, ambayo ni kubwa kuliko zote, ni bunduki kufyatuka bolti inapofungwa, au kutoa risasi mbili na zaidi kwa mvuto mmoja. Bunduki iliyofanya hivyo hata mara moja haipaswi kuwekwa risasi tena mpaka fundi mwenye idhini aikague. Na pasiwepo mtu wa kujisifu kwamba bunduki yake "imekuwa na nguvu zaidi". Hiyo ni hitilafu, na anayeibadili silaha kwa makusudi ili ifanye hivyo anatenda kosa zito la jinai.

Sababu nyingine ni mikono ya watu. Zipo bunduki zilizounganishwa kwa vipande vya bunduki mbili au tatu tofauti, na zipo ambazo mwenye nazo wa zamani alikichonga kikulabu kwa tupa ili kifyatulio kiwe chepesi. Chuma kilichochongwa hakirudi kuwa kizima. Kikulabu kilichokwisha makali chaweza kuiachia nyundo kwa mtikisiko mdogo tu, kama vile bunduki kuanguka au kugongwa na boda boda mlangoni.

HITILAFU IKITOKEA MIKONONI MWAKO

Mlinzi aliyefunzwa anapaswa kukumbuka utaratibu huu, kwa mpangilio wake.

Kwanza, ondoa kidole kwenye kifyatulio na usiendelee kukivuta ukitumaini kwamba kitakubali.

Pili, elekeza mtutu mahali salama: kwenye tuta la udongo, rundo la mchanga au pipa la mchanga lililowekwa kwa kazi hiyo. Usiuelekeze kwenye mwamba au saruji, maana risasi hudunda. Usiuelekeze kwenye mabati, mlango wala angani, maana iendayo juu hurudi chini. Na usichungulie ndani ya mtutu kwa sababu yoyote ile.

Tatu, ikiwa nyundo imeanguka na risasi haikutoka, subiri. Hesabu taratibu angalau sekunde 30, mtutu ukiwa umetulia mahali salama, ndipo uitoe risasi hiyo. Usiiokote na kuirudisha katika magazini.

Nne, toa risasi zote, acha bolti ikiwa wazi nyuma, na utazame kwa macho kwamba chemba na magazini ni tupu. Kizuizi cha usalama kisiwe badala ya hatua hii.

Tano, toa taarifa kwa msimamizi wako saa hiyo hiyo na iandikwe katika daftari la silaha: namba ya bunduki, tarehe, saa, na ulichokiona. Bunduki ifungwe kibandiko kinachosema ni mbovu na irudishwe ghalani. Mlinzi wa zamu inayofuata asiikute ikiwa imesimama ukutani kana kwamba ni nzima.

Natamani niseme kwamba kijana yule alishindwa kufuata hatua hizi kwa kutozijua. Lakini nilipomuuliza kwa nini alinyamaza wiki mbili, alijibu akitazama chini, "Afande, ukisema bunduki imeharibika, wanasema wewe ndiye umeiharibu. Mshahara unakatwa." Kwa hiyo alikwenda kwa fundi wa baiskeli, akatiliwa mafuta ya cherehani juu ya grisi kavu. Mafuta yale yalibeba uchafu na kuuingiza ndani zaidi. Alikuwa amepanga pia kuvuka mpaka siku yake ya mapumziko ili kumwona mtu anayesifiwa kuwa anajua bunduki.

Kwa wamiliki wa kampuni za ulinzi nasema bila kuficha: mlinzi anayeogopa kukatwa mshahara ataficha hitilafu, na hitilafu iliyofichwa italipwa na mtoto wa jirani. Bunduki iliyonunuliwa karibuni isitoke ghalani kwenda lindo kabla haijafunguliwa yote, kuoshwa grisi mpaka ndani ya mfereji wa pini, kukaguliwa na fundi mwenye idhini, na kujaribiwa katika uwanja wa shabaha. Na anayetoa taarifa ashukuriwe badala ya kuadhibiwa. Kampuni iliyohusika ilizirudisha bunduki zote za shehena ile, na fundi alikuta nyingine mbili zenye pini zilizoshikwa na grisi vilevile. Zote mbili zilikuwa lindoni usiku ule.

KWA NINI FUNDI WA MTAANI HAFAI

Mafundi wetu wa mitaani wana vipaji vikubwa, na sina nia ya kuwadharau. Anayetengeneza pampu ya maji kwa kipande cha mpira ni mtu wa kuheshimiwa. Lakini pampu ikikosewa humwaga maji. Bunduki ikikosewa huua.

Ipo pia sababu ya kisheria. Hapa Uganda, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inataka silaha iwe na kibali, na biashara ya kuuza au kukarabati silaha ni ya wenye leseni peke yao. Fundi wa baiskeli anayepokea bunduki hata kwa dakika kumi anajiingiza matatani, pamoja na aliyempelekea.

Sababu ya tatu inahusu upelelezi. Kila bunduki huacha alama zake juu ya ganda na juu ya risasi: alama ya pini kwenye fataki, alama ya bolti, na mikwaruzo ya mtutu. Kuanzia mwaka 2018 serikali iliagiza alama hizo zichukuliwe na kuhifadhiwa ili risasi ikiokotwa mahali pa uhalifu iweze kulinganishwa. Pini ikibadilishwa au kuchongwa kwa siri, alama hubadilika. Mwenye silaha asiye na hatia hujikuta akishukiwa kwamba anaficha ushahidi.

MPAKA SI NJIA YA MKATO

Sisi tunaokaa Busia, Malaba, Mutukula au Mpondwe tumezoea kuvuka asubuhi na kurudi jioni. Soko letu liko ng'ambo, shangazi zetu wako ng'ambo, wakati mwingine hata shamba liko ng'ambo. Ni rahisi kudhani kwamba bunduki nayo yaweza kuvuka kama jembe linalopelekwa kunolewa. Haiwezi. Kibali kilichotolewa upande huu hakina nguvu upande wa pili. Mara tu unapovuka na silaha, au hata na springi na pini zake, bila idhini ya nchi zote mbili, unahesabiwa kuwa msafirishaji wa silaha haramu, na nia yako njema ya kutengeneza haitakuokoa.

Nchi zetu zimekubaliana juu ya jambo hili. Tarehe 21 Aprili 2004, mjini Nairobi, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwemo Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na silaha nyepesi. Itifaki hiyo inazitaka nchi ziwapige marufuku raia kumiliki bunduki za rashasha na pia bunduki zinazojipakia zenyewe kama hii tunayoizungumzia, ziweke alama kwenye silaha, na zitunze kumbukumbu zake. Ndiyo sababu raia akiambiwa kwamba kuna SAR "mpya" ya bei nafuu inauzwa ng'ambo, ajue kwamba anauziwa kesi. Na ikiharibika hatakuwa na pa kuipeleka, maana kila mlango wa halali utamuuliza ameipata wapi. Hapo ndipo mtu huanza kuitengeneza mwenyewe chumbani, usiku, watoto wakiwa wamelala upande wa pili wa ukuta.

MWANANCHI AFANYE NINI

Ukimwona mlinzi akiipigapiga bunduki yake chini, akichezea kifyatulio, au akiielekeza kwa wapita njia wakati wa kujaza risasi, usigombane naye na usimkaribie. Mweleze msimamizi wa eneo, mwenyekiti wa LC1 au kituo cha polisi kilicho karibu.

Ukiokota silaha au risasi shambani, mtoni au ndani ya nyumba uliyopanga, usiiguse, usijaribu kuona kama inafanya kazi, na usiwatume watoto wailete. Weka alama mahali hapo, zuia watu wasikaribie, kisha piga simu ya polisi 999 au 112. Ikiwa iko silaha isiyo na kibali ndani ya familia, labda iliyoachwa na marehemu, usiibebe barabarani kuileta kituoni. Tuite sisi tuifuate. Aliyetangulia kutuita husikilizwa tofauti na aliyekutwa nayo.

Na risasi ikitoka bila sababu inayoonekana, kama alfajiri ile, tuacheni uchunguzi ufanye kazi yake kabla ya kuokota mawe. Umati ule ulikuwa na haki ya kuwa na hasira. Lakini kama ungelimpata mlinzi yule, angelikufa mtu ambaye hakuvuta kifyatulio, na zile bunduki nyingine mbili zingeliendelea kusimama lindoni zikiwa na risasi ndani, kwa sababu asingelikuwepo wa kutueleza zilikonunuliwa na tangu lini zilianza kugoma.

Mama wa watoto wale alikuja kituoni siku ya tatu. Alitaka kumwona mlinzi. Tulisita, kisha tukawakutanisha mbele ya mwenyekiti wa LC1. Hakumtukana. Alimuuliza swali moja tu: "Mwanangu, ulijua?" Kijana akajibu, "Nilijua ni mbovu, mama. Sikujua itafika kwako."

Kifyatulio kikigoma, sema siku hiyo hiyo.